Ishara za seli na magamba ya uso wa mamba

Magamba ya uso wa mamba ni vipande vigumu vya ngozi, vyenye pembe zisizo sawa, vinavyofunika pua na mataya. Hayazaliwi kama magamba ya mwili. Mgongoni na mkiani, kila gamba la kiinitete huanzia kwenye kikundi cha seli ambamo jeni maalumu zimewashwa, ndiyo maana magamba hayo hujipanga kwa safu. Usoni hakuna vikundi hivyo, na mchoro wa upande wa kushoto haulingani na wa kulia. Kwa hiyo ishara za seli hazichori gamba mojamoja la uso; hupanga kasi ya ukuaji, na nguvu za kimaumbile hukamilisha kazi.

Mwaka 2013, timu ya Michel Milinkovitch wa Chuo Kikuu cha Geneva, Uswisi, ilieleza kuwa magamba haya hutokana na ngozi kupasuka. Mwaka 2024 timu hiyo ilirekebisha maelezo yake: ngozi hujikunja, kwa sababu tabaka la juu hukua upesi kuliko tabaka la chini lililoshikamana nalo. Watafiti waliingiza EGF, protini inayochochea ukuaji wa tabaka la juu, katika mishipa ya damu ya viinitete vya mamba wa Naili vikiwa bado ndani ya mayai. Ngozi ya kichwa ilijaa mikunjo kama ya ubongo. Mamba hao walipoanguliwa, baadhi yao walikuwa na magamba madogo kama ya kaimani, jamaa wa mamba, na wengine ngozi iliyokunjamana kama ya tembo.

Huenda mtu akapinga kwamba protini iliyoongezwa kwa mkono haithibitishi kinachotokea katika yai lisiloguswa. Hoja hiyo ina uzito, lakini miigo ya kompyuta iliyotumia vipimo vya ukuaji na ugumu wa ngozi ilitoa mchoro wa kawaida pia, bila ramani yoyote ya magamba. Wala maelezo haya hayazipuuzi jeni, kwa kuwa ndizo zinazoongoza kasi ya ukuaji na ugumu wa tabaka zote mbili. Jambo hili ni la thamani kubwa kwa elimu ya mageuzi: ili uso wa spishi moja utofautiane na wa nyingine, yatosha kasi hiyo ibadilike kidogo, bila kuhitaji maagizo mapya kwa kila gamba.