Kabla ya kuangusha, jifunze kuanguka: namna wapiganaji wa jiu-jitsu walivyojifunza kulinda mwili

Katika jiu-jitsu ya Brazili, mpiganaji hapigi ngumi wala teke. Anamshika mwenzake, anamwangusha, anamlalia, kisha anamkaba shingo ao kumkunja kiungo mpaka akubali kwamba ameshindwa. Anayeshindwa anagonga kwa mkono mara mbili juu ya mwili wa mwenzake, na papo hapo anaachiliwa. Kugonga huko ndiko kinga ya kwanza dhidi ya kuvunjika. Kinga hiyo na mazoezi yanayoendana nayo vina historia ndefu: ilianzia Japani, ikavuka bahari mpaka Brazili, na watoto wawili wa Bukavu wanaonekana ndani yake.

Zamani, jujutsu ya Japani ilikuwa elimu ya askari wa vita. Shabaha yake ilikuwa kuvunja na kuua. Katika karne ya 19, kijana mmoja mwembamba, Kano Jigoro, aliyekuwa akionewa na wenzake shuleni, alitafuta walimu wa elimu hiyo. Alijifunza kwa uchungu, mara nyingi akirudi nyumbani na michubuko mwili mzima. Mwaka wa 1882, akiwa na umri wa miaka 21, alifungua shule yake Tokyo, ndani ya hekalu la Eishoji, penye nafasi ya mikeka 12 tu. Aliita shule hiyo Kodokan, na mchezo wake akauita judo.

Kano alijiuliza swali rahisi: mwanafunzi aliyevunjika leo, kesho atajifunza nini? Kwa hiyo mbinu za hatari zaidi hakuziacha katika mapambano huru. Alibakiza zile ambazo watu wawili wanaweza kufanya kwa nguvu zao zote, na bado wakaenda nyumbani kwa miguu yao. Mwaka wa 1899, kamati aliyoiongoza ilikataza kukunja vidole, kifundo cha mkono na kifundo cha mguu katika mashindano. Mwaka wa 1925 kikabaki kiwiko peke yake.

Jambo lingine alilotilia mkazo ni ukemi, yaani ufundi wa kuanguka. Mwanafunzi mupya haanzi kwa kuangusha. Anaanza kwa kuanguka, tena akiwa ameketi. Baadaye anaanguka akiwa amechuchumaa, na mwishowe akiwa amesimama. Kidevu kinabanwa kifuani ili kisogo kisigonge chini. Mgongo unakunjwa kama mtumbwi. Mkono mzima unapiga mkeka pembeni ya mwili, ili nguvu ya pigo isambae na isiingie mahali pamoja. Kosa kubwa ni kunyoosha mkono nyuma ili kujizuia: hapo ndipo kifundo, kiwiko ao bega vinapoumia.

Mwanafunzi mmoja wa Kodokan, Mitsuyo Maeda, alizunguka inchi nyingi akipigana mbele ya watu. Alifika Brazili mwaka wa 1914, na baadaye akakaa Belém, karibu na mto Amazon. Huko alimfundisha kijana Carlos Gracie. Carlos na ndugu zake wakaendeleza mchezo huo Rio de Janeiro. Hélio, mdogo wao, hakuwa na mwili mkubwa, basi walitilia nguvu mapambano ya chini, mahali ambapo mtu mwepesi anaweza kumshinda mzito.

Lakini heshima ya mpiganaji nayo inaweza kuwa hatari. Tarehe 23 Oktoba 1951, kwenye uwanja wa Maracanã, Hélio alipambana na Mjapani Masahiko Kimura. Kimura alimkunja mkono nyuma ya mgongo. Hélio alikataa kugonga. Ni Carlos aliyesimamisha pambano, mkono wa mdogo wake ukiwa tayari umeumia. Mpaka leo mbinu hiyo inaitwa kimura. Wengi wanasifu ujasiri wa Hélio, lakini walimu wenye busara wanaonyesha upande wa pili: mtu wa pembeni alilazimika kuona kile ambacho mpiganaji mwenyewe alikataa kukubali.

Miaka iliyofuata, wachezaji wa Rio walianza kufikiria pia mwili kabla ya pambano. Mwalimu Orlando Cani alifundisha mazoezi ya kupumua na kutembea kama wanyama, na Rickson Gracie, mtoto wa Hélio, alikuwa kati ya wanafunzi wake. Alvaro Romano naye akapanga mazoezi aliyoyaita Ginástica Natural, yasiyohitaji chuma wala mashine. Mtu anatambaa, anajiviringisha, anainua nyonga, anasogea chini kama kamba wa majini. Mazoezi ya namna hii yanapasha mwili moto, na pia yanafundisha njia za kutoka chini ya mpinzani bila kupinda shingo wala goti vibaya.

Sheria nazo ziliendelea kubadilika, mara nyingi baada ya mtu kuumia. Mwaka wa 1980, katika ubingwa wa Japani, bingwa Yasuhiro Yamashita alivunjwa mguu kwa mbinu ya mkasi, ambapo mpinzani anaruka na kubana miguu ya mwenzake kwa miguu yake. Mbinu hiyo ikakatazwa katika judo, na mashindano makubwa ya jiu-jitsu ya Brazili nayo yanaikataza. Kupinda kisigino pia kunawekewa mipaka mikali, kwa sababu goti linaweza kukatika mishipa kabla mtu hajasikia maumivu makali.

Japani yenyewe ilipata somo la uchungu. Kati ya mwaka wa 1983 na 2011, watoto zaidi ya 100 walikufa katika mazoezi ya judo mashuleni. Wengi waliumia kichwa, na wengi walikuwa wanafunzi wapya, walioangushwa kabla hawajajua kuanguka vizuri. Elimu ya ukemi ilikuwepo tangu wakati wa Kano. Kilichokosekana kwa watoto hao ni mwalimu mwenye subira.

Kongo iliingia katika hadithi hii kwa njia ya vita. Popole Misenga na Yolande Bukasa Mabika, wote wazaliwa wa Bukavu, walitengana na jamaa zao wakiwa watoto. Walifikishwa Kinshasa, na huko wakajifunza judo katika vituo vya watoto waliohama makwao. Mwaka wa 2013 walikwenda Rio kwa ubingwa wa dunia, wakaomba kimbilio. Miaka 3 baadaye, kwenye Olimpiki za muji huohuo, walikuwa kati ya wachezaji 10 wa timu ya kwanza ya wakimbizi. Popole alishinda pambano lake la kwanza, dhidi ya Avtar Singh wa India.

Mfano wao unawavuta vijana wengi wenye njaa ya mchezo, wakiwemo wale wanaoishi mahali ambapo hakuna tatami. Hapo historia inatoa mashauri ya wazi. Juu ya mawe ya volkano ya Goma, mtu asiangushwe hata kwa mzaha. Majani mazito ao mchanga laini ni afadhali, na hata hapo kuanguka kuanzie kwenye kuketi. Dakika 20 za kwanza ziwe za kukimbia polepole, kutambaa, kuinua nyonga na kusimama kwa mguu mmoja. Shingo iimarishwe taratibu, kwa kusukuma kichwa dhidi ya kiganja, bila kukitupatupa. Mkubwa asipewe mtoto kama mpinzani. Aliyegonga kichwa na kusikia kizunguzungu, kutapika ao usingizi usio wa kawaida aache mchezo siku hiyohiyo na apelekwe kwa muganga.

Na mzazi anayetaka kujua kama mwalimu wa mtoto wake ni mzuri, asihesabu medali zake. Amwangalie anavyofanya siku ya kwanza: je, anamfundisha mtoto kuangusha, ao anamfundisha kwanza kuanguka na kugonga bila haya?