Historia ya mpungate: rangi, chakula na njaa

Leo tuzungumzie mpungate, ule mmea wa miiba wenye vipande vipana kama sahani, wengine huuita dungusi kakati. Wengi wetu tunaujua kama uzio wa kuzuia mbuzi tu. Lakini mmea huu umevalisha matajiri, umelisha maskini na umewahi kuleta mzozo mkubwa, na mimi kwa kuwa ni fundi cherehani, naanza na nguo.

Asili yake ni bara la Amerika, na Mexico ndiko unakoheshimiwa zaidi. Hata tai aliye kwenye bendera yao amesimama juu ya mpungate. Watu wa huko walikuwa wakiula kabla Wazungu hawajafika, na mpaka leo wanaula. Vipande vichanga hukwanguliwa miiba, vikakatwakatwa na kupikwa kama mboga. Tunda lake ni tamu, lina maji mengi na vitamini C.

Faida iliyowashangaza wageni lakini haikuwa tunda, ilikuwa mdudu. Juu ya mpungate huishi mdudu mdogo sana aitwaye kochinili, amejifunika vitu vyeupe kama pamba. Ukimponda hutoa wekundu mkali. Wenyeji wa Oaxaca walimfuga juu ya mipungate yao, wakamkusanya, wakamwanika na kumsaga, kisha wakatia rangi nyuzi zao. Nusu kilo ya rangi inahitaji wadudu wapatao 70,000, kwa hivyo fikiria mikono iliyofanya kazi hiyo.

Wahispania walianza kuiteka Mexico mwaka 1519. Rangi hii ikawa bidhaa yao yenye thamani kubwa kutoka huko, ya pili baada ya madini ya fedha, na wakaificha siri yake kwa muda mrefu. Huko Ulaya wengi walidhani ni mbegu. Mwaka 1777 Mfaransa mmoja, Thiéry de Menonville, aliingia Oaxaca kwa kificho akatoka na vipande vya mpungate vyenye wadudu. Waingereza nao waliihitaji kwa makoti mekundu ya maofisa wa jeshi lao.

Rangi za kiwandani zilipoanza katika karne ya 19, biashara hiyo ikaanguka. Ila kochinili hajaondoka. Yumo kwenye baadhi ya rangi za mdomo, peremende na mtindi. Kwenye chakula tazama E120, kwenye vipodozi tazama CI 75470. Wanachuoni wamehitilafiana kuhusu kumla, basi soma lebo na umuulize unayemwamini kwa elimu yake.

Tamaa ya rangi hiyo ndiyo iliyousafirisha mpungate. Mwaka 1788 meli za Waingereza zilizopeleka wafungwa Australia zilichukua mipungate na wadudu wake kutoka Brazil. Biashara ya rangi haikusimama, lakini mipungate ya aina mbalimbali iliyopelekwa huko ikaenea, hadi miaka ya 1920 ikawa imefunika takriban hekta milioni 24. Wakulima wakayahama mashamba yao. Walichowaokoa ni kiwavi wa nondo aliyeletwa kutoka Argentina mwaka 1925, akaila mipungate ikaanguka.

Ukisikia hivyo utasema, basi mdudu ndiye dawa. Ngoja tuvuke kwa jirani zetu wa Madagaska, nchi ambayo wazee wetu waliiita Bukini. Wafaransa waliupeleka mpungate kusini mwa kisiwa hicho katika karne ya 18. Androy ni kukavu, mvua ni za bahati. Wenyeji wakaufanya uzio wa vijiji na kinga ya maadui. Kiangazi kikizidi waliichoma miiba wakawapa ng'ombe wale wapate na maji, na wao wenyewe wakala matunda. Mwaka 1924, wakati wa ukoloni wa Wafaransa, kochinili akapelekwa huko. Katika miaka michache mipungate ikanyauka. Ukame ulipokuja hapakuwa na akiba, na njaa ya miaka ya mwanzo ya 1930 ikaua watu wengi pamoja na ng'ombe wao. Mgeni aliona gugu, mwenye ng'ombe aliona ghala.

Jambo hili halijaisha. Huko Laikipia, Kenya, mpungate umevamia malisho, miiba inawaumiza mbuzi midomo na matumbo, na kochinili ameletwa kuupunguza. Papo hapo wapo kinamama wanaochuma matunda hayo wakatengeneza jemu na juisi wauze.

Kwa hivyo mtu akikwambia mpungate una faida, muulize faida kwa nani na umeota wapi. Kabla ya kupanda mpakani, kumbuka kipande kimoja kikianguka chini huota, na jirani yako ana mbuzi. Kabla ya kung'oa, muulize anayeutegemea. Na ukipata tunda lake, usilishike kwa mkono mtupu, lina vimiiba vidogo visivyoonekana. Lishike kwa koleo, lisugue vizuri kwenye maji, limenye, ndipo uwape watoto.

Mwenyezi Mungu ameweka kheri hata kwenye miiba, ila ametupa na akili ya kuulizana. Tukutane tena inshallah.