Mali Bila Daftari

Msomaji wangu, yafaa tuanze kwa neno moja. Serikali itoapo fedha kusaidia kazi ambayo watu wengine wameianza, au wanaiendesha wao wenyewe, fedha hiyo huitwa ruzuku. Si mkopo, maana hairudishwi. Wala si sadaka, maana hutoka katika kodi ya watu wale wale wanaosaidiwa. Hata mnunuzi wa sabuni dukani ametia senti yake katika mfuko huo, ajue asijue.

Shule nyingi za Kenya zimesimama kwa mikono miwili, mkono wa wananchi na mkono wa serikali. Wahenga walisema kuwa mkono mmoja haulei mwana, na neno lao ni kweli. Walakini mikono miwili yaweza pia kuvutana, mtoto akaumia katikati. Natutazame, basi, jinsi mikono hiyo ilivyoshirikiana na ilivyovutana tangu mwaka 1911, huku tukitafuta jibu la swali moja: mtu atoaye mali yake kwa ajili ya shule ana haki gani juu ya shule hiyo?

Mwaka 1911 serikali ya kikoloni iliunda Idara ya Elimu. Wakati huo karibu shule zote za Waafrika zilikuwa mikononi mwa misheni, na serikali ikaanza kuzipa ruzuku zile zilizofundisha ufundi, kwa kadiri ya wanafunzi waliofaulu. Mwaka 1924 tume ya Phelps-Stokes ilizuru Afrika ya Mashariki, na mwaka uliofuata serikali ya Uingereza ikatangaza siasa yake ya elimu kwa makoloni yake ya Afrika, kwamba shule za misheni zitakazotimiza masharti zisaidiwe kwa fedha za umma na kukaguliwa. Hapana shaka kuwa jambo hilo lilileta manufaa. Lakini tazama ni nani walioketi mezani. Serikali ilitoa fedha, misheni ikatoa walimu, na mkaguzi akatoa hukumu. Mzazi wa Kiafrika, ambaye alikuwa akilipa kodi ya nyumba tangu mwanzo wa karne ya 20, hakuulizwa neno.

Mlango mdogo ulifunguka katikati ya miaka ya 1920, yalipoundwa Mabaraza ya Wenyeji katika wilaya za Waafrika. Ni kweli kwamba mwenyekiti wa kila baraza alikuwa mkuu wa wilaya, Mzungu. Hata hivyo mabaraza hayo yaliruhusiwa kutoza ushuru kwa kazi za maendeleo. Jambo la ajabu likatokea: watu ambao walikuwa wakinung'unikia kodi walikubali kutozwa zaidi, mradi fedha iende katika elimu. Walitaka shule ambazo hazikuwa chini ya misheni, tena zenye masomo ya juu kuliko yale waliyokuwa wakipewa. Michango ya mabaraza hayo ilisaidia kuleta shule za serikali kama Kakamega, Kagumo na Kisii katika nusu ya kwanza ya miaka ya 1930. Waweza kuona hapo kwamba mtu hachoki kutoa akijua atoacho kinakwenda wapi.

Katika nchi ya Wakikuyu mambo yalikwenda mbali zaidi. Mwaka 1929 ulizuka mgogoro mkubwa baina ya misheni kadhaa na waumini wao juu ya tohara ya wasichana. Wazazi wengi walitoa watoto wao katika shule za misheni wakajenga zao, na katika miaka ya 1930 shule hizo zikaunganishwa katika vyama viwili, Chama cha Shule Huru za Wakikuyu na kile cha Karing'a. Kwa sehemu kubwa shule hizo ziliendeshwa pasipo ruzuku. Walimu walipungua, nao mishahara yao ilikuwa haba. Mwaka 1939 Mbiyu Koinange, aliyerudi kutoka masomoni Marekani na Uingereza, alianzisha chuo cha ualimu huko Githunguri, na marika ya Wakikuyu yakashindana kukichangia, kila rika likitaka kulipita jingine kwa ukarimu. Baadaye Jomo Kenyatta alikiongoza chuo hicho. Kisha hali ya hatari ilipotangazwa mwaka 1952, serikali ilikifunga pamoja na shule nyingi za vyama hivyo. Kazi ya miaka mingi ikazimwa kwa amri.

Hebu tuzipime hali hizo mbili. Shule za misheni zilikuwa na fedha ya umma, lakini mzazi hakuwa na sauti ndani yake. Shule huru zilikuwa na sauti ya mzazi, lakini hazikuwa na ngao ya sheria wala mfuko wa kuzitegemeza.

Uhuru ulipokaribia, ilionekana kuwa mikono hiyo miwili sasa ingekutana. Tarehe 1 Juni 1963, siku ya Madaraka, Kenyatta alitoa wito wa Harambee kwa taifa zima. Mwaka huo Kenya ilikuwa na shule za sekondari 151 tu, nazo zilikuwa na wanafunzi wapatao 30,000, hali shule za msingi zilikuwa na watoto karibu 892,000. Fikiri, msomaji, juu ya ufinyu wa mlango huo! Watu hawakungoja. Waliouza mbuzi waliuza, na waliokuwa na mahindi walileta mahindi. Wanawake walichota maji na kubeba mawe, na shule zikainuka vilimani na mabondeni. Miaka ya 1970 ilipofika, shule za sekondari za Harambee zilikuwa nyingi kuliko zile za serikali.

Tume ya Elimu iliyoongozwa na Profesa Simeon Ominde, iliyoteuliwa Desemba 1963, ilisifu ari hiyo lakini ikatoa onyo. Kujenga nyumba ni jambo moja, na kuendesha shule ni jambo jingine. Nyumba hujengwa mara moja, bali mwalimu hula kila mwezi, na vitabu huchakaa. Sehemu zenye kahawa na chai zilijenga nyingi, na sehemu kavu zilijenga chache. Kwa hiyo serikali ilianza kuzisaidia baadhi ya shule hizo kwa kuzipelekea walimu iliowalipa yenyewe. Huo ndio ushirika katika sura yake njema: wananchi hutangulia, na ruzuku huja kutia nguvu pale nguvu zao zinapokoma.

Lakini wema wa ghafula nao una hatari yake. Desemba 1973 serikali ilitangaza kwamba karo ifutwe katika darasa la kwanza hadi la nne. Katika mwaka 1974 idadi ya watoto wa shule za msingi iliruka kutoka karibu milioni 1.8 hadi zaidi ya milioni 2.7. Furaha ilikuwa kubwa, lakini madarasa hayakuwapo, wala walimu hawakutosha, na fedha iliyoondolewa haikujazwa mahali pake. Kamati za shule zikatoza michango ya majengo, na mahali pengi michango hiyo ikaizidi karo iliyofutwa. Watoto wengi wa maskini walioingia kwa shangwe walitoka kimya kimya. Mwaka 1988 serikali ilitangaza rasmi siasa ya kugawana gharama, na mzigo ukazidi kuwaelemea wazazi.

Januari 2003 elimu ya msingi ikawa tena bila malipo, nayo ilipangwa kwa namna nyingine. Kila mtoto alitengewa shilingi 1,020 kwa mwaka, na fedha hiyo ikapelekwa moja kwa moja katika akaunti mbili za kila shule: shilingi 650 za vitabu na vifaa, na shilingi 370 za matumizi mengineyo. Wazazi na walimu waliketi katika kamati ya kuchagua vitabu, na shule ziliagizwa kubandika hesabu zao ubaoni, kila mtu azione. Zaidi ya watoto milioni moja waliongezeka shuleni mwaka huo. Miongoni mwa waliofuata, Januari 2004, alikuwa mzee Kimani Maruge wa Eldoret, aliyeingia darasa la kwanza akiwa na umri wa miaka 84.

Hata hivyo mwizi hupita palipo giza. Mwaka 2009 ilibainika kuwa fedha nyingi za mpango huo zilipotea, na Desemba mwaka huo Uingereza ikasimamisha msaada wake. Ubao wa shule ulionyesha hesabu za shule tu. Fedha iliyotoweka kabla ya kufika shuleni ubao haukuweza kuionyesha. Wahenga walikwisha kutuonya: mali bila daftari hupotea bila habari. Nami ningeongeza kwamba daftari lisilosomwa na mtu ni sawa na lisilokuwapo.

Sasa tulirudie swali letu. Atoaye mali yake kwa ajili ya shule ana haki ya kuona na haki ya kusema, sawa mali hiyo iwe mbuzi wa harambee au senti ya kodi. Haki hiyo sasa imo katika sheria: Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013 iliweka katika shule za umma bodi ya usimamizi yenye wawakilishi wa wazazi, pamoja na chama cha wazazi. Walakini sheria haimwamshi mzazi asubuhi na kumpeleka mkutanoni. Wazazi wa siku zile waliobeba mawe walihudhuria mikutano kwa sababu walijua jiwe lipi ni lao. Mzazi wa leo aweza kudhani kuwa fedha ya serikali ni ya serikali, akabaki nyumbani siku ya hesabu. Na hapo ndipo urithi wake huliwa.

Wewe msomaji bado hujawa mzazi, lakini umejifunza kujumlisha na kutoa, na hesabu za shule hazihitaji elimu iliyo kubwa kuliko hiyo. Zikibandikwa, zisome. Usipozielewa, muulize mwalimu wako kwa adabu. Baba na mama wakiitwa mkutanoni, wahimize waende, nao wakirudi waulize ni kiasi gani kilichoingia, kiasi gani kilichotoka, na ni nani aliyetia sahihi.