Jalidi Katika Bustani za Jangwani: Kazi ya Mkulima na Hukumu ya Fiqhi

  

Mmoja wa waliokuwa wanafunzi wetu, ambaye hivi sasa anafanya kazi ya bustani katika bara la Arabuni, alituletea swali. Asubuhi moja ya majira ya baridi alikwenda bustanini akakuta miche ya nyanya na mindimu michanga imekuwa myeusi, kana kwamba imepitiwa na moto. Mwenye bustani akamwambia kuwa hasara ile itakatwa katika mshahara wake. Kijana akatuuliza: "Sheikh, hii ni qadari ya Mwenyezi Mungu au ni kosa langu?"

Sisi tuliozaliwa pwani ya Afrika Mashariki twalijua jua na twaijua mvua, lakini jalidi, yaani umande ulioganda ukawa barafu, wengi wetu hatukupata kuiona. Tumeona tulijibu swali hili kwa njia ya historia, kwani limekwisha kuwashughulisha wakulima na mafakihi kwa zaidi ya miaka elfu moja.

VIPI JANGWA LIWE NA BARIDI

Msomaji huenda akastaajabu: jangwa si ndiyo nchi ya joto? Ndiyo, mchana. Lakini joto la mchana huingia ardhini, na usiku ardhi hulirudisha juu. Katika nchi zetu mawingu na unyevu wa hewa huzuia sehemu kubwa ya joto hilo lisipotee. Jangwani hakuna mawingu, na hewa ni kavu, kwa hiyo joto jingi hukimbilia mbinguni. Usiku ukiwa mweupe na upepo umetulia, hewa iliyo karibu na ardhi hupoa kupita ile iliyo juu yake. Na hewa ya baridi ni nzito, huteremka kama maji na kukusanyika mabondeni. Ndiyo maana bustani iliyo chini kabisa huweza kuungua na ile iliyo juu kidogo mlimani ikasalimika.

Waarabu waliyajua majira haya na wakayapa majina. Wana siku arubaini za baridi kali ya kipupwe, na mwishoni mwa Februari hadi mwanzoni mwa Machi wana zile ziitwazo Ayyamul-Ajuz, baridi ya mwisho inayorudi baada ya watu kudhani kuwa imekwisha. Hiyo ya mwisho ndiyo inayomdhuru mkulima zaidi, kwa sababu huikuta miti imekwisha kutoa maua na majani mapya.

Na Qur'ani Tukufu, katika Sura Aali Imran aya ya 117, imepiga mfano wa upepo wenye baridi kali uliolifikia shamba la watu waliojidhulumu nafsi zao ukaliangamiza. Waliosikia aya hii mwanzo walijua vyema ni msiba gani unaotajwa.

MTI MGENI NA MWAKA WA 314

Mtende ni mwenyeji wa jangwa. Wakati wa baridi hauna tunda mkononi, kwani tunda lake huiva katika joto. Lakini Waislamu walipoungana na India kwa njia ya bahari, waliingiza miti isiyokuwa na uzoefu huo.

Mwanahistoria Al-Masudi (aliyefariki mwaka 345 Hijria, sawa na 956) ameeleza katika Muruj adh-Dhahab kwamba narinji, ambayo sisi pwani twaiita danzi, pamoja na utruji wa mviringo, vililetwa kutoka India baada ya mwaka 300 Hijria (912). Vilipandwa kwanza Oman, kisha vikapelekwa Basra, Iraq na Sham. Akasema kuwa huko vilikokwenda vilipoteza ile harufu nzuri na rangi viliyokuwa nayo India, kwa kukosa hewa, udongo na maji ya kwao. Huyu Al-Masudi ndiye aliyesafiri kutoka kisiwa cha Qanbalu katika bahari ya Zanj hadi Oman mwaka 304 Hijria (916), na wanahistoria wengi huona kuwa Qanbalu ni Pemba. Kwa hiyo alizijua nchi za joto na alijua alichokuwa akikilinganisha.

Baghdad ilikuwa imekwisha kuonywa. At-Tabari ameandika kuwa mwaka 296 Hijria (908) theluji ilianguka mjini humo tangu asubuhi hadi karibu na Alasiri, ikafika kiasi cha vidole vinne juu ya mapaa. Kisha ukaja mwaka 314 Hijria (926-927). Ibn al-Jawzi (aliyefariki mwaka 597 Hijria, 1201) amesimulia katika Al-Muntadham kwamba baridi ya mwaka ule iliangamiza sehemu kubwa ya mitende ya Baghdad na vitongoji vyake, ikakausha miti ya utruji na mitini. Siki na maji ya mawaridi yaliganda. Mto Tigris uliganda huko Mosul hata wanyama wakavuka juu yake, na mwalimu mmoja wa Hadithi akaketi juu ya barafu katikati ya mto, watu wakaandika Hadithi kutoka kwake!

Tutazame mambo mawili hapa. La kwanza, ikiwa hata mtende, mwenyeji wa nchi, uliangamia, basi iko baridi ambayo mikono ya binadamu haiwezi kuizuia. La pili, elimu haikusimama. Na mkulima naye hakuacha kupanda, kwani midanzi na miutruji inaendelea kuzaa Iraq mpaka leo.

WALIFANYA NINI WAKULIMA

Karne hiyo hiyo ndiyo iliyotoa kitabu mashuhuri cha ukulima cha Iraq, Al-Filaha an-Nabatiyya cha Ibn Wahshiyya, kilichoimliwa mwaka 318 Hijria (930). Baadaye huko Andalusia Ibn al-Awwam wa Seville alikusanya maneno ya waliomtangulia katika Kitab al-Filaha. Tunamtahadharisha mwanafunzi kuwa ndani ya Al-Filaha an-Nabatiyya, pamoja na elimu yenye manufaa, yamechanganywa mambo ya talasimu ambayo sheria yetu inayakataa. Achukue elimu ya udongo na maji, na hayo mengine ayaache.

Njia walizozitumia watu wa bustani, ambazo nyingi zinatumika mpaka leo, ni hizi:

1. Kupanda mti mahali pake. Katika Jabal Akhdar ya Oman, kwenye vijiji vilivyo karibu mita 2,000 juu ya bahari, watu wamepanda makomamanga, mapichi na mawaridi, ambayo hustahimili baridi. Ndimu, ndizi na tende wameziacha vijiji vya chini. Hii ndiyo kinga ya kwanza, na haina gharama.

2. Kupanda chini ya kivuli. Bustani ya jangwani ina tabaka tatu: mitende juu, miti ya matunda katikati, mboga chini. Makuti ya mtende hupunguza jua mchana, na usiku huzuia joto la ardhi lisipotee lote.

3. Ukuta. Ukuta wa mawe au udongo hunywa jua mchana na kulirudisha usiku. Mti mchanga uliopandwa upande wa ukuta unaopata jua huwa kama aliyeota moto.

4. Maji. Udongo uliolowa hushika joto zaidi kuliko udongo mkavu. Basi hunywesha ardhi kabla ya usiku wa baridi, tena kwa maji ya kisima au chemchemi ambayo huwa na uvuguvugu.

5. Kufunika. Hutumia mikeka, makuti au magunia, na siku hizi vitambaa maalumu. Kifuniko kifike mpaka chini, kwa kuwa joto linalohifadhiwa ni la ardhi. Anayefunga majani ya juu tu kama kilemba hakufanya kitu. Asubuhi kifuniko huondolewa ili ardhi ipate jua tena.

6. Moto. Vitabu vya ukulima vya Warumi vilivyofasiriwa kwa Kiarabu vilitaja kufukiza moshi. Leo imejulikana kuwa kinachosaidia zaidi ni joto la moto na kule kuchanganyika kwa hewa ya juu na ya chini. Moshi wenyewe faida yake ni ndogo.

Na mti ukishaungua, usikimbilie kuukata. Subiri mpaka Ayyamul-Ajuz ipite, ndipo utaona wapi pamekufa na wapi pangali hai.

FIQHI INASEMAJE

Hapa ndipo historia inapokutana na swali la kijana wetu. Msiba unaoyapata mazao bila ya kitendo cha mtu, mafakihi wameuita jaiha, na baridi imo ndani yake.

Katika Sahih Muslim, kwa riwaya ya Jabir (r.a.), Mtume (s.a.w.) aliamrisha kuondolewa malipo ya kilichoangamizwa na jaiha. Maimamu wakatofautiana katika kuifahamu amri hii. Imam Malik amesema mnunuzi huondolewa malipo ikiwa matunda yaliyoangamia yamefika theluthi. Imam Ahmad hakuweka mpaka huo. Imam Abu Hanifa, na Imam Shafii katika kauli yake mpya, wameona kuwa mnunuzi akishakabidhiwa hasara ni yake, na kumsamehe ni jambo la kupendekezwa. Miongoni mwa hoja zao ni Hadithi ya Abu Said al-Khudri (r.a.), pia katika Muslim, ya mtu aliyepata msiba katika matunda aliyoyanunua akazama katika deni. Mtume (s.a.w.) akawaamuru watu wamsaidie kwa sadaka, kisha wadai wakachukua kilichopatikana.

Lakini huyu kijana si mnunuzi. Basi tutazame milango miwili mingine.

Mlango wa kwanza ni musaqa, yaani kutunza miti ya mwingine kwa fungu la matunda. Imam an-Nawawi (aliyefariki mwaka 676 Hijria, 1277) ameweka katika Minhaj mizani iliyo wazi. Kazi ya kutengeneza tunda inayokariri kila mwaka ni juu ya mtunzaji. Kazi ya kuhifadhi shina isiyokariri, kama kujenga ukuta, ni juu ya mwenye mali. Na katika Rawdat at-Talibin, miongoni mwa kazi za mtunzaji kumetajwa kuweka majani juu ya vishada vya zabibu ili kuvihifadhi inapohitajika. Kwa mizani hiyo, kwa uoni wetu, kuyafunika matunda kila kipupwe ni kazi ya mtunzaji, na kujenga ukuta wa kukinga baridi ni kazi ya mwenye bustani.

Mlango wa pili ni ijara, nao ndio mlango wa kijana wetu. Mfanyakazi wa mshahara anayemtumikia mtu mmoja, mkono wake ni mkono wa amana. Halipi kilichoharibika ila akipindukia mpaka au akizembea. Basi tulimuuliza maswali matatu. Je, uliagizwa kufunika miche, au ni ada inayojulikana ya kazi yako? Je, ulipewa vitu vya kufunikia? Je, usiku ule baridi ilitarajiwa, au ilikuja nje ya wakati wake?

Akajibu kuwa ulikuwa ni msimu wake wa kwanza, hakuna aliyemwambia neno, na ghalani hapakuwa na hata gunia moja. Tukamwambia: ikiwa mambo ni kama ulivyosema, hukuzembea, na mshahara wako ni haki yako. Kuukata ni kula mali ya mtu bila ya haki. Lakini pia tukamwambia: mwaka ujao hutakuwa na udhuru huu, kwa kuwa sasa umeshajua. Kabla ya kipupwe kuingia, mwombe mwenye bustani vifuniko, na bora ombi lako liwe kwa maandishi.

Mtume (s.a.w.) alimwelekeza mwenye ngamia amfunge kwanza kisha ategemee, kama alivyopokea Tirmidhi. Mche nao hufunikwa kwanza. Usiku ukija kama ule wa mwaka 314, mkulima hana lawama, na jirani zake wana wajibu wa kumsaidia. Ama anayelala hali mikeka imo ghalani, kisha akasema asubuhi kuwa ni qadari, huyo ameitaja qadari mahali pa kukiri kosa lake. Na mwenye mali anayembebesha mnyonge hasara iliyoletwa na mbingu, naye ajiulize yuko wapi katika mfano wa ile aya ya Aali Imran.

Wallahu aalam. Wabillahi tawfiq.