Mwani wa Paje: kamba elfu, uzao mmoja

Mwaka 1989 wakulima wa Paje na Jambiani, pwani ya mashariki ya Unguja, walianza kufunga kwenye kamba vipande vya mwani vilivyoletwa kutoka Ufilipino. Aina zilikuwa mbili: mwani mwembamba, ambao wanunuzi huuita spinosamu, na mwani mnene, yaani kotonii. Vipande hivyo huitwa mbegu mpaka leo, ingawa mashamba yale hayakungoja ua lichanue wala dume na jike wakutane. Magunia ya mwani mkavu yaliyopakiwa melini tangu wakati huo yametokana na tendo moja tu: seli kunakili vilivyomo kwenye kiini chake, kisha kujigawa mbili.

Biashara yenyewe ni ya zamani zaidi. Tangu miaka ya 1930 Zanzibar ilikuwa ikiuza nje mwani pori uliookotwa ufukweni na kwenye miamba, ukaanikwa na kusafirishwa. Ulikuwa unaokotwa tu, haupandwi, na kufikia miaka ya 1970 biashara hiyo ilikuwa imefifia. Hapo ndipo anapoingia Profesa Keto Mshigeni wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Alisomea shahada ya uzamivu Chuo Kikuu cha Hawaii, alikokuwa Maxwell Doty, mtaalamu aliyekuwa ameanzisha kilimo cha mwani kusini mwa Ufilipino kuanzia miaka ya 1960. Mshigeni alirudi nyumbani akisisitiza kwamba mwani unaweza kulimwa kama muhogo. Alifanya majaribio Unguja na Pemba, na miaka si mingi baadaye makampuni yakaja na mbegu za Asia. Mwani mnene ulipewa jina la kisayansi Kappaphycus alvarezii kwa heshima ya Vicente Alvarez, aliyefanya kazi kwenye mashamba yale ya Ufilipino.

Muhogo aliotaja Mshigeni ni ndugu halisi wa jambo hili. Kipando cha muhogo huzaa shina lililo sawa na lile kilikokatwa, na mgomba huzaa chipukizi wa namna hiyo hiyo. Karafuu si hivyo. Mikarafuu ya Unguja ilioteshwa kwa mbegu, na kila mbegu ina baba na mama. Mwani wa kamba hauna baba wala mama. Una pacha tu, na pacha wa pacha.

Chukua hesabu ya shambani. Kipande cha gramu 100 kikifungwa kwa uzi uitwao taitai kwenye kamba iliyonyooshwa kati ya vigingi viwili, baada ya wiki sita hivi kinaweza kufika kilo moja, bahari ikiwa njema. Kuongezeka mara kumi kunasikika kama muujiza, lakini ni kujizidisha maradufu mara tatu na kitu: mbili, nne, nane, na kidogo juu yake. Ina maana kwamba, kwa wastani, seli moja iliyoingia majini ilihitaji kujigawa mara tatu au nne tu mpaka siku ya mavuno. Kwa wastani, nasema, kwa sababu seli zote hazifanyi kazi hiyo sawasawa. Zilizo katikati ya mwani ni kubwa, zimekomaa, na nyingi hazijigawi tena. Zinazojigawa kwa bidii ni zile ndogo za nchani na za tabaka la nje. Ndiyo maana mkulima mzoefu anapochagua mbegu hukata ncha changa na kuacha mashina makuukuu. Maarifa hayo wanawake wa Paje waliyapata kwa mikono yao, wakiwa wamezama magotini maji yakiwa yametoka, na ni sahihi kabisa.

Ndani ya ncha ile, seli hukua kwanza. Ikifikia kimo chake, huanza kunakili vinasaba vyote vya kiini, uzi kwa uzi. Kisha hukagua kazi, na nakala yenye kasoro huweza kurekebishwa au kuizuia seli isiendelee. Baada ya hapo nyuzi hujikunja na kuwa fupi na nene, ndizo tunazoziita kromosomu, zikajipanga katikati. Nyuzinyuzi nyembamba hushika kila jozi na kuivuta pande mbili, nakala moja huku, nyingine kule. Mwishowe ukuta huanza kuota kutoka pembeni kuelekea ndani. Kwenye mwani mwekundu, jamii ya mwani wetu, ukuta huo haufungi kabisa: huacha tundu dogo katikati, na tundu hilo huzibwa kwa kizibo. Seli mbili mpya hubaki zimeunganishwa hapo. Kuta hizo za seli na nafasi zilizo kati yake ndimo ilimo karajinani, ule utelezi unaotafutwa na viwanda vya dawa za meno na vyakula. Mnunuzi anapolipia mwani, hasa analipia kuta hizo.

Ilichukua muda mrefu binadamu kuyaona hayo. Mjerumani Walther Flemming aliyachora mwaka 1882, akichunguza viluwiluwi vya salamanda kwa hadubini. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 Alma Howard na Stephen Pelc, wakitumia mizizi ya kunde za Ulaya, walionyesha kwamba vinasaba hunakiliwa katika kipindi maalumu kabla ya mgawanyiko, si wakati wa mgawanyiko wenyewe. Ugunduzi unaonigusa zaidi ni wa Tim Hunt, mwaka 1982. Alikuwa akichunguza mayai ya yule mnyama wa baharini mwenye miiba, ambaye jamaa zake huwachoma miguu wakulima wetu wa mwani. Aliona protini moja ikijikusanya ndani ya yai, ikafikia kilele, kisha ikatoweka ghafla kila yai lilipogawanyika, na kuanza upya. Protini hiyo, saiklini, ni sehemu ya mitambo inayoiambia seli: sasa. Hunt alipata Tuzo ya Nobel mwaka 2001 pamoja na Leland Hartwell na Paul Nurse.

Uaminifu wa kunakili ndio uliojenga kilimo hiki. Zao lilienea vijijini, likawaajiri watu zaidi ya 20,000 Zanzibar, wengi wao wanawake, likawa miongoni mwa vyanzo vikubwa vya fedha za kigeni baada ya utalii na karafuu. Mbegu njema ilitoa mbegu njema. Lakini nakala aminifu hunakili na udhaifu. Kuanzia mwanzoni mwa miaka ya 2000 mwani mnene, wenye bei nzuri, ulianza kufa Unguja. Maji ya kina kifupi yalipata joto, matawi yakageuka meupe, yakakatika na kuelea. Hapakuwa na shamba lenye mwani wa damu nyingine ya kustahimili. Wakulima wengi wakabaki na mwembamba, unaovumilia zaidi na kulipa kidogo.

Dk. Flower Msuya, aliyekuwa Taasisi ya Sayansi za Bahari, ile iliyokaa miaka mingi Mizingani, ukingoni mwa Mji Mkongwe, alihangaika na tatizo hili kwa muda mrefu. Mojawapo ya majibu yake ni nyavu za mirija zinazopeleka mwani mnene kwenye maji ya kina, yenye ubaridi. Ni jibu zuri, ila linadai mashua na kuogelea, na wanawake wengi wa pwani hawakufundishwa kuogelea. Naona ni dhuluma kumwachia mkulima peke yake gharama hiyo.

Njia nyingine ni kurudisha mgawanyiko wa aina ya pili, ambamo seli hupunguza kromosomu zake nusu ili dume na jike wachanganye vinasaba. Mwani pori wa Afrika Mashariki huzaliana kwa njia hiyo, na kila mche unaozaliwa hutofautiana kidogo na wazazi wake. Humo ndimo wanamoweza kupatikana wavumilivu wa joto. Tatizo ni kwamba utafiti uliochapishwa mwaka 2015 na wanasayansi wa Sweden na Tanzania ulikuta mwani mwembamba wenye asili ya Asia umetoroka mashambani na kuenea kwenye makazi ya mwani pori Zanzibar, ukichukua nafasi ya wenyeji. Mbegu ya kesho inapaswa kuokotwa na kuhifadhiwa sasa, wakati wenyeji hao bado wapo miambani.