Matandazo

Matandazo ni majani makavu, nyasi au maganda yanayolazwa juu ya udongo. Neno limetoka katika kutandaza, si kufukia, na anayerundika majani hadi shinani mwa waridi amekwenda kinyume nalo. Kasese, bondeni chini ya Rwenzori, jua la Ikweta hukausha bustani ya maua upesi. Tabaka la sentimita 5 hadi 8 huhifadhi unyevu na kuzuia magugu. Huko Bwera, wilayani Kasese, kwenye migomba na mibuni, majani na maganda yapo tayari, hivyo hakuna haja ya kununua vipande vya mbao vya kutandaza. Wapo wanaosema matandazo huleta mchwa. Ni kweli, nyasi kavu huwavutia, lakini dawa ni kuacha nafasi kuzunguka shina, si kuacha udongo mtupu. Maganda ya kahawa yaache yaoze kwanza.