Mnyanyasaji Anapogeuka Mpenzi: Ufunuo na Ukuaji wa Mhusika katika Historia ya Riwaya ya Mapenzi

Utangulizi

Makala haya yanachunguza swali la uhakiki lenye historia ndefu. Mhusika anayemwonea mwenzake, kisha akapendwa naye, huwa amekua kweli, au ni msomaji aliyebadilishiwa mahali pa kutazamia? Swali hili limeletwa karibu nasi na riwaya za mfululizo za mapenzi na uonevu, ambazo vijana wengi huzisoma kwa simu. Kwa msomaji wa Olenguruone, ukingoni mwa msitu wa Mau katika Kaunti ya Nakuru, swali lenyewe haliishii vitabuni. Katika eneo hilo jirani alimfukuza jirani katika ghasia za mwaka 1992, na tena baada ya uchaguzi wa Desemba 2007. Anayeishi huko hujua kwamba kusikia sababu za aliyekudhulumu ni jambo moja, na kumwona amebadilika ni jambo jingine.

Tunadai kwamba riwaya za aina hii huchanganya mambo mawili ambayo mhakiki hana budi kuyatenga: ufunuo na ukuaji. Ufunuo ni msomaji kuelezwa kwa nini mhusika alikuwa mkatili. Ukuaji ni mhusika kubadili mwenendo kwa gharama yake mwenyewe. Tunadai pia kuwa kipimo cha ukuaji wa mnyanyasaji hakimo katika machozi yake. Kimo katika hali ya yule aliyeonewa: je, anaweza kuondoka, na akirudi, anarudi kwa hiari yake?

Chimbuko la umbo

Umbo hili ni la kale. Katika Pamela (1740), Samuel Richardson alimsawiri kijakazi wa miaka kumi na mitano anayefungiwa na bwana wake katika nyumba ya mbali. Bwana huyo anazinyakua barua zake, anazisoma, anaguswa, anatubu na kumwoa. Kinachombadilisha ni kusoma. Hata hivyo, mamlaka ya nyumba yamo mikononi mwake bado, na ingawa anamwachilia Pamela arudi kwa wazazi wake kabla ya kumwomba arejee, Pamela anakubali ndoa akiwa kijakazi asiye na mali.

Richardson mwenyewe hakuridhika. Katika Clarissa (1747-48) alilisahihisha wazo lake, na katika dibaji akaonya dhidi ya imani kwamba mwasherati aliyeongoka ndiye mume bora kuliko wote. Lovelace anambaka Clarissa, kisha anataka ndoa ifunike yaliyotendeka. Clarissa anakataa hadi kufa. Kwa hiyo, katika muda usiotimia miaka kumi, mtunzi mmoja alitoa majibu mawili yanayopingana. Riwaya ya mapenzi iliyofuata ilipendelea lile la kwanza.

Charlotte Brontë alifungua njia ya tatu. Jane Eyre (1847) hamrudii Rochester mpaka awe ameondoka kwa miguu yake, amepata kazi ya ualimu, na amerithi pauni elfu ishirini, ambazo anazigawa sehemu nne na kubaki na elfu tano. Wahakiki wengi hutaja upofu wa Rochester kuwa ndio unaoufanya mwisho ule uwezekane. Sisi twaona kwamba zile pauni zina uzito uleule: Jane anarudi akiwa na nauli ya kuondoka tena.

Afrika ya Mashariki: mifano miwili

Katika Rosa Mistika (1971) ya Euphrase Kezilahabi, mnyanyasaji wa kwanza ni baba. Zakaria, mlevi wa Ukerewe, anampiga bintiye kwa sababu ya barua ya kijana Charles. Kipigo hicho ndicho mafunzo ya kwanza ya mapenzi ayapatayo Rosa. Tangu hapo anakwenda kutoka woga hadi uasi bila kupewa kituo cha kukua katikati. Charles anaporudi baadaye kama mchumba, anamkataa kwa kuwa si bikira, na Rosa anajiua. Kezilahabi hampi Zakaria wala Charles toba ya kumfariji msomaji. Riwaya hiyo ilipigwa marufuku katika shule za Tanzania kwa madai ya maadili, ingawa ilikuwa imeonyesha kwa ukali kuliko nyingi ya zama zake jinsi fimbo inavyoua uwezo wa mtu kujiamulia.

Mfano wa pili ni Coming to Birth ya Marjorie Oludhe Macgoye, iliyopata Tuzo ya Sinclair mwaka 1986. Paulina, msichana wa miaka kumi na sita, anafika Nairobi mwaka 1956, wakati wa Hali ya Hatari, kumfuata mumewe Martin. Anapotea njia. Anaporejea nyumbani Martin anampiga na kumfungia ndani. Kwa mwanzo huo, mtunzi wa mahaba angetafuta haraka jeraha la utotoni la Martin. Macgoye anamwacha Martin kando na kumfuata Paulina: mimba zinazoharibika, mafunzo na kazi Kisumu, mtoto anayeuawa kwa risasi katika ghasia za mji huo za 1969, kisha ajira Nairobi. Martin anaporudi maishani mwake, majivuno yamempungua na anamkuta mwanamke mwenye mshahara na msimamo. Patano lao limechukua zaidi ya miaka ishirini. Mabadiliko ya Martin yanasadikika kwa sababu Paulina hamhitaji tena ili aishi.

Riwaya za mfululizo

Tukishika kipimo hicho, tutazame Bully (2013) ya Penelope Douglas, Mmarekani, mojawapo ya vitabu vilivyoieneza aina hii. Tate na Jared ni majirani na marafiki wa utotoni. Jared anarudi kutoka likizo aliyokaa kwa baba yake akiwa na miaka kumi na minne, na kuanzia hapo anamdhalilisha Tate shuleni kwa miaka kadhaa. Tate anakwenda Ufaransa kwa mwaka mmoja, kisha anarejea akiwa ameamua kujibu mapigo. Hapa pana chembe ya ukuaji halisi, nayo ni ya Tate: anapata sauti.

Lakini mfululizo hautosheki na hilo. Katika Until You, pia ya 2013, hadithi ileile inasimuliwa upya kwa nafsi ya kwanza ya Jared, na msomaji anazidi kuingizwa katika mateso yaliyompata kwa baba yake. E. M. Forster, alipotenga mhusika bapa na mhusika duara mwaka 1927, alisema mhusika duara hutushangaza kwa namna inayosadikika. Jared anakuwa duara machoni petu kwa kuwa tumepewa habari mpya, ilhali matendo yake ya miaka ile yamebaki yalivyokuwa. Huo ni ufunuo. Mbinu ya kurudia kisa kwa sauti ya mwonevu inahamisha huruma kutoka kwa aliyeumizwa hadi kwa aliyeumiza, na Tate hupata maelezo badala ya fidia.

Hitimisho

Hatusemi vitabu hivi vifichwe. Yaliyoipata Rosa Mistika yatosha kutuonya. Twapendekeza visomwe darasani sambamba na Kezilahabi na Macgoye, mwanafunzi akiulizwa kila mara: nani ameshika ufunguo?

Historia ya Olenguruone yenyewe yaweza kusaidia somo hilo. Familia za Wagikuyu zilizopelekwa huko mnamo 1941 zilikataa masharti ya serikali ya kikoloni juu ya ardhi na zikala kiapo cha umoja, wanawake wakiwemo. Kufikia 1950 zilikuwa zimefukuzwa. Serikali ile ilikuwa na maelezo mengi ya matendo yake, wala maelezo hayo hayakumrudishia mtu shamba. Ripoti ya Tume ya Ukweli, Haki na Maridhiano ilipowasilishwa mwaka 2013, ilidai ukweli uandamane na fidia. Msomaji wa riwaya ya mapenzi ana haki ya kudai vivyo hivyo. Msichana anayejifunza kwamba ukatili wa mvulana ni fumbo la mapenzi yake atasubiri ufunuo, na huenda akasubiri muda mrefu mno.